Skuta kubwa used kwa Kibaha–Posta kila siku na Morogoro mara moja moja: Skywave 250 au 400?

mkazi_wa_kibaha

Wakuu habari za leo, naombeni ushauri kabla sijatoa hela maana hii hela nimeikusanya mwaka na nusu na nikikosea hapa sina ya kuanzia tena.

Nakaa Kibaha kazi iko Posta, kwenda na kurudi ni kama kilomita 80 hivi, siku tano kwa wiki. Sa hivi napanda daladala mpaka Mbezi alafu naunganisha, natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na nikirudi watoto washalala, mdogo alishaniuliza baba wewe unaishi kazini? Iliniuma sana hiyo. Mwezi wa pili kaka yangu alisafiri akaniachia Boxer yake wiki mbili, foleni ya Kimara niliimaliza fresh kabisa nikawa nafika nyumbani kabla ya saa moja, lakini mgongo uliniuma na kila nikifika ofisini suruali imejaa matope na begi sina pa kuweka. Ndo nikaanza kuangalia hizi skuta kubwa za Kijapani, unakaa kama kwenye kiti, miguu imekingwa na chini ya siti kuna nafasi ya helmeti na begi la laptop.

Kitu kingine ni kwamba kila mwezi au miezi miwili naenda Morogoro kumuona mama, anaumwa presha, kutoka hapa kwangu ni kama kilomita 150 na kitu. Ningependa niende nayo asubuhi nirudi jioni.

Nimeona tatu mpaka sasa. Skywave 250 (ya Suzuki, 250 ni cc) ya 2007 mita inasoma 31,000, anataka milioni 4.8, hii ni safi sana kwa kuiangalia. Skywave 400 ya 2004 mita 46,000, anataka 5.5, plastiki zimechubuka kidogo na siti imechanika. Ya tatu TMAX ya Yamaha ya 2005 lakini anataka 8 na bajeti yangu mwisho 6 na kila kitu humo humo, kwahiyo hiyo niliiangalia tu. Je 250 inatosha barabara kuu? Na hiyo 46,000 si imeshachoka? Na nikienda kuikagua niangalie nini, maana gari najua kidogo ila hizi za kujivuta zenyewe bila gia sijui kitu. Leseni ninayo ila ni D peke yake.

fundi_wa_mkanda

Karibu mkuu. Mi kazi yangu ndo hizi, miaka tisa sasa nafungua skuta, nitakueleza ninavyoona mimi na wengine watajazia.

Kwanza achana na mambo ya mita kwa muda. Skuta kubwa ina vitu viwili, injini na upande wa mkanda. Injini za hizi Skywave zinapozwa kwa maji, ukibadili oili kwa wakati zinaenda sana, hiyo 46,000 hainitishi hata kidogo. Kinachomaliza watu hela ni upande wa kushoto kule kwenye kava refu ambako kuna mkanda, puli, rola (vile vipande vya duara vinavyosukuma puli) na klachi. Huo mkanda ndo gia zako zote. Kiwandani wanataka ubadilishwe kati ya kilomita 20,000 na 25,000 hivi kutegemea modeli, sasa piga hesabu yako mwenyewe, kilomita 80 mara siku 22 ni 1,760, weka na safari ya Moro unafika 2,000 kwa mwezi, yan mwaka mmoja tu mkanda mzima umeisha. Kwahiyo ukinunua skuta ambayo hakuna anayejua mkanda umebadilishwa lini, jua umenunua na mkanda mpya juu yake, weka hela hiyo pembeni kabla hujakubali bei. Na mkanda hauzeeki kwa kilomita peke yake, raba ikikaa miaka kumi na kitu inapasuka hata kama chombo kilikuwa kimepaki.

Sasa kuhusu hiyo 250 safi. Kuna kitu wengi hawakijui. Japani pikipiki ya 250 kushuka chini haiendi kwenye ule ukaguzi wao wa lazima wa kila miaka miwili, ila kuanzia juu ya 250 inaenda. Kwahiyo 400 ikitoka kule mara nyingi ina makaratasi ya ukaguzi na mita imeandikwa humo, unaweza kufuatilia, lakini 250 inategemea tu neno la aliyekuwa nayo. Alafu vijana wa kule miaka ya 2000 walizipenda mno hizi 250, wanazishusha chini, wanakata ekzosi, wanafunga spika na mataa, zikichoka wanarudisha plastiki za kiwandani zinaonekana mpya. Nimeshafungua kadhaa zenye dashibodi ya 20,000 na puli ndani imelika mpaka imefanya mfereji ambao kucha inakwama. Sisemi hiyo ya kwako ndo iko hivyo, nasema plastiki nzuri isikudanganye.

Ukienda kuikagua mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Fika shika injini kwa mkono, kama ya moto ujue kuna kitu anaficha, iwe shida ya kuwaka asubuhi au moshi. Iwashe ikiwa baridi, sikiliza. Alafu ondoka taratibu kabisa kama uko kwenye foleni, ikitetemeka mwili mzima pale inapoanza kuvuta mpaka kama 20 hivi, klachi imepata vumbi au kengele yake, lile kopo la chuma ambalo klachi inalishika, imeungua. Ukifungua mafuta mshale wa rpm ukapanda lakini mwendo haupandi sawa sawa, mkanda unateleza. Rudi nayo ukiwa umeachia mafuta kutoka 60, sikiliza nyuma, mlio wa kuvuma kama nyuki wakubwa ni beringi au gia ya mwisho.

Na uombe kufungua kava. Ni bolti tu hizo, dakika ishirini. Muuzaji akikataa kufungua kava kwa fundi anayemlipa mnunuzi, we ondoka kistaarabu.

dada_wa_tegeta

Mkazi pole na foleni, hiyo ya mtoto imenigusa kwa kweli.

Mi natumia Majesty 250, skuta ya Yamaha, Tegeta mpaka Upanga mwaka wa tatu huu, kwahiyo nakuongelea matumizi ya kila siku, barabara kuu wengine wanajua zaidi. Ile ya kwanza niliyonunua niliingia kichwa kichwa, muuzaji alikuwa anaongea vizuri, skuta inang'aa, nikailipa siku hiyo hiyo jioni. Siku ya kumi na nne nikiwa Mwenge mkanda ukakatika, skuta ikaendelea kunguruma lakini haiendi popote, nyuma yangu daladala anapiga honi na mvua inanyesha. Nilisukuma mpaka pembeni, na hizi kitu ni nzito jamani, zinakaribia kilo 200 ukiweka mafuta na maji na nyingine zinapita, sio Boxer. Mkanda uliokatika ulikuwa umejifunga kwenye puli ukaharibu na vitu vingine, na kupata vipuri ilinichukua wiki tatu maana Kariakoo nilizunguka sana kila duka wananionyesha vya bodaboda. Kwahiyo anachosema fundi hapo juu mi nimekilipia kwa hela yangu.

Ushauri wangu wa vipuri ni huu, usitafute kwa kutaja jina. Skywave 250 ziko za aina nyingi na mikanda haifanani, tumia zile herufi na tarakimu za mwanzo wa namba ya chesisi, kwa Skywave zinaanza na CJ kwa 250 na CK kwa 400, kama CJ44A hivi, ukimpa muuzaji wa vipuri hiyo unaletewa kitu sahihi. Mi nina mkanda mmoja wa akiba ndani kabatini muda wote.

Pia usidharau matuta. Hizi skuta ziko chini kwa tumbo, na barabara zetu za mitaa tuta linajengwa na wananchi kwa zege usiku, ukipanda mbio na mtu nyuma unasikia kwaaa. Ukienda kukagua lala chini uangalie tumbo lake, stendi ya katikati na bomba la ekzosi, michubuko kidogo ni kawaida ila kama imepondeka angalia kama kuna oili inavuja. Na rejeta angalia ilipo, maji yake fungua uone rangi, yakiwa na kutu ya kahawia mtu alikuwa anamwagia maji ya bomba tu.

Kuhusu kuloa, mguuni ni nafuu kubwa sana, naenda kazini na sketi ya kawaida na kanga nimeikunja juu ya magoti na nafika safi, kwenye pikipiki ya kawaida nisingeweza. Ila masika barabara ikijaa maji usijidanganye na yenyewe, kule upande wa mkanda kuna tundu la hewa la kupooza, maji yakiingia mkanda unateleza na skuta haivuti kabisa mpaka ikauke. Jangwani ikifurika mi nageuza narudi nyumbani.

mzee_wa_chalinze

Vijana salaam. Nimeendesha pikipiki tangu enzi za Honda CG, na hiyo skuta ya 400 ninayo mwaka wa nne, nimeshaenda nayo Morogoro mara nyingi na Iringa mara mbili. Nitazungumzia barabara kuu tu.

Mwanangu, 250 itakufikisha Morogoro, hilo lisikusumbue. Inatembea 90 mpaka 100 bila kulalamika ukiwa peke yako. Shida ya barabara ile sio mwendo wa juu, shida ni malori. Kutoka Mlandizi, Ruvu, Vigwaza pale kwenye mzani mpaka Chalinze unapita kwenye semi trela za kwenda Tunduma na mpakani zimefuatana kama treni, na mabasi ya mikoani yanazipita bila kukuangalia wewe. Ukitaka kulipita lori lililoko kwenye 70 unatakiwa uwe na nguvu ya kutoka 70 kwenda 100 haraka umalize kazi urudi upande wako. Hapo ndipo 250 inakuacha unasubiri. Unafungua mafuta yote, injini inapiga kelele, na mwendo unapanda polepole, kumbe mbele kuna basi linakuja. Na ukimbeba mkeo nyuma ndo kabisa. Ile 400 inakupa akiba hiyo. Mimi sijawahi kuifungua mpaka mwisho na sina haja.

Jambo la pili ni upepo. Skuta hizi zina uso mpana, lori likikupita kwa mbele linakupiga na ukuta wa hewa, usukani unayumba, shika legelege usipigane nao na kaa katikati ya upande wako, usijibanze pembezoni. Na lami ile malori yameilaza, kuna mifereji miwili ya matairi, ukiingia humo na tairi dogo la skuta linakwenda linakotaka lenyewe. Hapa lakini niseme kitu kinachompendelea huyo wa 250: Skywave 250 za kuanzia 2006 mbele zina tairi la inchi 14, hiyo 400 ya 2004 mbele na nyuma ni 13. Tairi dogo linatumbukia kila shimo. Kwa 400 yenye 14 mbele ni za 2007 kuja juu. Mimi ninayo ya 2008 na tofauti nimeiona kwa sababu nilianza na ile ya zamani.

Matairi angalia tarehe, ubavuni kuna namba nne ndani ya duara refu, 2314 maana yake wiki ya 23 mwaka 2014. Hizi skuta za mtumba zinakuja na matairi yana kashata nzuri kabisa ya kuangalia lakini raba imekauka kama kwato, ukipiga breki kwenye mvua unateleza. Ukikuta la miaka kumi libadili kabla ya kwenda Morogoro, sio baada.

Leseni. D ni ya gari. Nenda ukaongeze daraja A, maana hizi ziko juu ya 125, na usidanganywe na mtu kwamba skuta haina gia kwahiyo haihesabiki. Siku ukipata ajali bima itakuuliza hilo kwanza. Na pitia mafunzo ya kweli, wiki mbili za Boxer hazitoshi kwa chombo cha kilo mia mbili.

fundi_wa_mkanda

Mzee shikamoo. Nakubaliana na wewe kwa malori ila nitapingana kidogo kwa faida ya huyu ndugu. Yeye Moro anaenda mara moja kwa mwezi au mbili, Posta anaenda mara ishirini na mbili. Mi ningemwambia achukue ile iliyo nzima zaidi kati ya hizo mbili, sio yenye cc nyingi. 400 iliyochoka upande wa mkanda ni hatari zaidi huko Vigwaza kuliko 250 nzima ambayo mwenyewe anajua ina mwisho wake wapi.

TMAX naomba niguse maana atakuja kuitamani tena. Ni chombo kizuri sana, silinda mbili, cc 499, na injini imefungwa kwenye fremu sio kuning'inia na gurudumu la nyuma kama hizi zingine, ndo maana inashika barabara kama pikipiki. Lakini vipuri vyake ni bei nyingine kabisa. Kwa bajeti ya 6 usiiguse. Na ukikutana na Forza Z za Honda za 2004 kuja juu, zile zinawaka na kadi badala ya ufunguo, uliza kadi ziko ngapi, ikiwa moja na ukaipoteza umeumia.

mzee_wa_chalinze

Marahaba fundi. Hapo umesema sawa, nzima kwanza. Ila akipata 400 nzima, achukue 400.

mkazi_wa_kibaha

Wakuu nimerudi, jana Jumamosi nilienda na fundi wa huku kwetu kuziangalia zote mbili, asanteni sana maana bila nyinyi ningelipa ile 250 macho yamefungwa.

250 nilikuta injini ya moto. Nilimwambia kwenye simu saa tatu nafika usiiwashe, nimefika saa tatu kasoro ya moto. Nikasema haya tuiache ipoe, tukakaa saa nzima na nusu, ilipopoa ikagoma kuwaka mara tano ya sita ikawaka ikatoa moshi kidogo wa bluu alafu ukaisha. Kuondoka ilitetemeka vile vile alivyosema fundi. Nilipoomba kufungua kava akasema itaharibu rangi ya bolti. Nikamshukuru tukaondoka.

400 mwenyewe ni baba mmoja mtu mzima, aliitumia kwenda kazini na sasa amestaafu. Tulifika tukakuta hajaiwasha, ikawaka mara moja. Alikuwa na daftari kaandika kila oili aliyobadili na tarehe. Kava tulifungua, mkanda una nyufa ndogo ndogo kwa ndani kwenye meno, fundi wetu alipima upana akasema uko kwenye mpaka, rola tatu zimepata ubapa, puli ziko laini hazina mfereji. Tairi la nyuma la 2021 la mbele la 2015. Mbele tulipoibana breki na kuisukuma mbele nyuma kulikuwa na mlio wa tok, fundi anasema beringi za usukani. Shokapu ya kulia mbele ina unyevu wa oili. Kadi yake ya asili anayo ina jina lake na namba ya chesisi niliilinganisha na ya kwenye fremu, iko sawa.

Nimemwandikia hesabu ya mkanda, rola, tairi moja, beringi na sili, tumekaa kwenye kivuli cha mwembe wake tumeongea, ameshuka mpaka 4.7. Sa nauliza mawili. Hizo shida ni za kawaida au nimefumbwa macho na uzee wake mzuri yule baba? Na je niipeleke kwanza Moro kuijaribu au nibadili hivyo vitu kabla?

fundi_wa_mkanda

Mkuu chukua hiyo. Vyote ulivyotaja ni vitu vya kuvaliwa, hakuna hata kimoja cha injini, na hayo daftari watu wachache sana wanayo. Puli laini ndo habari nzuri kuliko zote hapo.

Moro usiende nayo hivyo. Anza na beringi za usukani na sili ya shokapu pamoja na tairi la mbele, kwasababu vyote viko mbele na unalipa fundi kazi mara moja, na mbele ndo panapokushikilia barabarani. Mkanda na rola zote weka mpya seti nzima, usibadili rola tatu tu, zikitofautiana uzito itavuta vibaya. Oili ya gia ya mwisho nyuma ni kidogo tu lakini imesahaulika kwenye kila skuta niliyofungua, na oili ya breki kama imekuwa kahawia itolewe yote. Alafu nati kubwa ya puli ya mbele fundi wako aikaze kwa kipimo, asigonge na patasi na nyundo, nimeona puli nzuri zimepasuliwa mapezi kwa namna hiyo. Kama hana kifaa cha kushikilia puli njoo nitakuazima changu, niko Kinondoni.

dada_wa_tegeta

Hongera sana! Makabidhiano fanyeni na mkataba wa mauziano wenye shahidi, na kubadili umiliki TRA usiseme nitafanya mwezi ujao, nendeni naye huyo baba mapema wakati bado mnaelewana na bado yuko mjini. Na mkanda wa zamani usitupe, fundi akiutoa uulize kama bado unaweza kukufikisha kilomita kumi, kama ndiyo ufunge kwenye mfuko uweke chini ya siti.

mzee_wa_chalinze

Safari ya kwanza ya Morogoro toka saa kumi na mbili kumeanza kupambazuka, usiende na giza. Simama Mlandizi uguse matairi na kofia za magurudumu kwa mkono kama kuna iliyopata joto kuliko mwenzake, simama tena Chalinze unywe chai. Msalimie mama.

mkazi_wa_kibaha

Nashukuruni sana wote. Jumatatu naomba ruhusa nusu siku tunaenda TRA na yule baba, daraja A nimeshaulizia chuo wanaanza darasa tarehe moja, mpaka nimalize skuta itakaa kwa fundi. Fundi nakutumia ujumbe kuhusu hicho kifaa cha puli.